Dole Gumba: Kurasa za Shajara ya Tasnifu

Jumatatu, 15 Januari 2024

Pendekezo la utafiti limepita, ila limetoka limepukutishwa. Niliingia na anwani isemayo "Historia ya Wafanyakazi wa Mkonge Tanganyika, 1893–1967". Profesa wa mwisho kuuliza alifunga kabrasha langu, akavua miwani. "Kijana, umeomba shahada ya uzamili au umeomba kuandika ensaiklopidia?" Jopo zima likacheka, nami nikacheka kwa adabu.

Baadaye Dokta, msimamizi wangu, aliniketisha ofisini kwake akashika penseli. Sura ya Richard Hindorf na miche yake 62 iliyonusurika safari ya kutoka Florida kupitia Hamburg mwaka 1893: kata, kila kitabu kinayo. Sura ya vyama vya wafanyakazi, pamoja na Victor Mkello aliyepelekwa Sumbawanga bila hiari yake mwaka 1963: kata, hiyo ni tasnifu ya mtu mwingine. Hii ya pili imeniuma. Kilichobaki ni wilaya moja, Muheza, na kipindi kimoja: kuanzia 1944, wenye mashamba walipounda SILABU, chombo chao cha kuajiri vibarua kutoka mikoa ya mbali, hadi 1967, serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba hayo.

Nilidhani tumemaliza. Dokta akasema, "Una mahali na una miaka. Swali bado huna."

Alhamisi, 8 Februari 2024

Nimeshinda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi si mwanafunzi wa pale, lakini nina barua ya utambulisho, na hakuna anayeandika historia ya nchi hii akakwepa chumba cha East Africana. Maktaba yao mpya, iliyofunguliwa 2018, ina utulivu ambao hosteli kwetu haujawahi kuonekana.

Vitabu vya mezani leo: historia ya Tanganyika ya John Iliffe ya mwaka 1979, Issa Shivji kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi, 1986, na kile kijitabu cha Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago kuhusu vibarua wahamiaji wa mkonge, kilichochapwa Hamburg 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kuuawa Guyana. Kijitabu chembamba, lakini kila tasnifu ya mkonge inaanzia hapo, iwe inakubali au inabisha.

Dokta ameniwekea masharti ya mapitio ya machapisho. Hataki aya zinazoanza na jina la mtu na mwaka, kisha jina jingine na mwaka mwingine, hadi sura iishe. Anataka nipange kwa mabishano: nani anasema kodi ndiyo iliyowasukuma watu kwenda Tanga, nani anasema ni mahari na nguo, nani anasema ni sheria. Nimechora safuwima tatu kwenye daftari. Ya kodi imejaa mapema. Ya sheria nayo haiko mbali. Safuwima ya nne niliyoiongeza jioni, "alichosema kibarua mwenyewe", ina mistari michache.

Jumanne, 5 Machi 2024

Muheza. Mvua na joto vinapokezana.

Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa ukaandikia wilaya, wilaya ikaandikia kata, na mtendaji wa kata akaandika yake kwa mkono, kwa mtendaji wa kijiji. Kila kituo kinabaki na nakala na kinagonga muhuri wake. Katika ofisi moja mwenye muhuri alikuwa msibani na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwake, kwa hiyo nimekaa kwenye benchi la nje na wazee waliofuata pensheni. Wale wazee ndio waliokuja kunielekeza nani bado yu hai kati ya walioletwa na SILABU. Benchi limenipa zaidi ya barua.

Mtendaji wa kijiji alisoma karatasi zote hadi mstari wa mwisho. "Kuna watu watakuuliza kama umekuja kupima ardhi," akasema. "Wajibu mapema, kabla hujafungua daftari." Nimemwelewa. Sehemu hizi kuna mashamba yaliyoachwa kwa miaka, watu wakajilimia mahindi na mihogo, na kila mgeni mwenye karatasi anatazamwa kwa jicho hilo.

Jumamosi, 16 Machi 2024

Nataka niandike ya leo kabla sijalala, kwa mpangilio.

Mzee anaishi katika nyumba ya mwisho ya kambi ya zamani, kuta za saruji za enzi ya kampuni, paa lenye viraka vya mabati ya rangi tatu. Nimemwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, ila chai hakuna, ni mwezi mtukufu." Ni Muha wa Kasulu. Anakisia alizaliwa wakati wa vita vya Hitler.

Nikatoa fomu ya ridhaa ya kamati ya maadili, nikamsomea yote: lengo la utafiti, haki ya kukataa, haki ya kujitoa wakati wowote, jina kutotajwa. Hajui kuandika, kwa hiyo nikafungua kile kibweta cha wino. Akatazama wino, akatazama fomu, akakunja ngumi na kulificha dole gumba ndani yake.

"Niliwahi kusomewa karatasi kule kwetu. Nikaweka dole. Nikashushwa Tanga."

Sikujua niseme nini. Akaendelea mwenyewe: "Niulize, nitakujibu. Hicho kisimu chako kinanasa sauti? Basi nase kwamba nimekubali. Dole siweki."

Nikarekodi ridhaa kwa sauti. Kisha nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye dodoso langu: alipoweka dole siku ile, alijua anakwenda kufanya nini?

"Nilijua kuliko aliyenisomea," akasema. "Kaka yangu alikuwa amerudi mwaka uliotangulia na blanketi na baiskeli. Alinionyesha makovu ya miiba mikononi. Alinieleza nyapara yupi wa kuogopa. Alinieleza kipande, ile kadi ya kazi, kina siku 30, na siku usiyomaliza kazi haiandikwi, kwa hiyo mwezi wa mkonge si mwezi wa mbinguni. Yule karani wa karatasi hajakata hata jani moja maishani mwake. Angenieleza nini?"

Alipanda treni hadi njiani, wakateremshwa, wakapakiwa malori mpaka Tanga. Alikwenda kwa sababu ya mahari. Mahari alilipa. Mke akaja naye safari ya pili, na hawakurudi tena.

Usiku huu nimefuta maswali yangu yote ya pendekezo na kuandika moja: Waliokwenda mkonge walijua nini kabla ya kuweka dole, na walikijuaje? Nimemtumia Dokta kwa simu. Jibu limekuja saa tano usiku: "Sasa una tasnifu."

Jumatano, 20 Machi 2024

Bibi mmoja wa kambi ya pili, mjane. Alimfuata mume kutoka Songea. Hakuwahi kuandikwa mahali popote kama mfanyakazi, ingawa alianika nyuzi pale mikono ilipopungua, alilima bustani nyuma ya kambi na kupika chakula cha wanaume ambao hawakuwa na mke. Nimemuuliza kuhusu mkataba. "Mkataba ulikuwa wa mume wangu. Njaa ilikuwa yetu sote."

Alisimulia jinsi wanawake walivyopashana habari za mashamba: shamba lipi maji yako karibu, lipi posho ina wadudu, lipi korona ilikata mkono wa mtu. Korona ndiyo mashine ya kusindika majani ya mkonge, na kelele yake ilisikika kambini mchana kutwa. Habari hizo zilisafiri na waliorudi kwao, zikafika Songea kabla ya wakala wa SILABU. Nilikuja kutafuta mikataba, nimekuta mtandao wa habari.

Jumanne, 23 Aprili 2024

Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, Upanga. Mvua ya mwaka huu haina huruma. Nimefika nimelowa, nikangoja nikauke kabla ya kugusa faili.

Majalada ya kipindi cha Waingereza yana karatasi nyembamba zinazotaka kuvunjika kwenye kona. Nimesoma barua za maofisa na wenye mashamba kuhusu vibarua: idadi inayotakiwa, idadi iliyofika, malori, mablanketi, malalamiko kwamba watu wanatoroka kabla ya kumaliza mkataba. Wanaume wanatajwa kwa mamia, kwa wilaya na kwa kabila. Tangu asubuhi sijakutana na kibarua mwenye jina.

Lakini hayo malalamiko ya utoro nimeyasoma kwa jicho jingine leo. Ofisa anaandika kwamba watu wa wilaya fulani hawataki kupelekwa shamba fulani, na kwamba sababu haijulikani. Kwa aliyezungumza na Bibi, sababu si fumbo. Walikuwa wameshaambiwa. Nimeandika namba ya jalada, namba ya karatasi na tarehe, zote tatu, kwa penseli. Kosa namba moja tu, na mtahini akiidai baada ya mwaka huna pa kuanzia.

Jumapili, 14 Julai 2024

Kunukuu mahojiano ni kazi ya punda. Saa moja ya sauti inakula siku nzima, na Mzee ana tabia ya kunong'ona pale penye jambo zito. Jogoo wa jirani yake amo katika kila rekodi.

Sura ya nne imeanza kusimama. Ina sehemu tatu: waliorudi na walichokibeba, wake na habari za kambini, na uchaguzi wa shamba. Nimegundua pia kwamba takwimu za uzalishaji nilizozipenda sana hazina kazi hapa. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, haikuwahi kufika hapo tena. Nilikuwa na jedwali zuri la hilo. Nimelihamishia kwenye viambatisho, kesho nitaliondoa na huko.

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Nimerudi Muheza kuwasomea washiriki nukuu zao kabla hazijaingia kwenye rasimu. Hili Dokta alilisisitiza: asikute mtu maneno yake kitabuni yamegeuzwa.

Mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Huyu M4 unayemtaja kila mara ni nani?"

"Ni wewe, babu. Ni kwa ajili ya kukulinda. Jina halitajwi."

Alikaa kimya kidogo. "Nilipofika Tanga walinipa namba. Na wewe pia umenipa namba."

Kijukuu chake kilicheka. Mimi sikuweza. Sura nzima ya pili ya tasnifu yangu inaeleza kwa nini wakataji wa mkonge waliitwa manamba.

Akataka jina lake liandikwe lote, lake, la baba yake na la babu yake. Bibi naye, nilipomwendea, alisema vivyo hivyo. Wengine wawili wamekataa: mmoja ana kesi ya ardhi, mwingine hakutoa sababu na sikuiuliza.

Jumatano, 18 Septemba 2024

Rasimu kamili imerudi kutoka kwa Dokta. Wino mwekundu kuanzia ikisiri hadi marejeleo. Pembezoni mwa ukurasa wa 61 ameandika: "Unasimulia vizuri. Hoja iko wapi?" Ukurasa wa 70: "Hapa Mzee anakuandikia tasnifu. Muulize naye maswali." Anachotaka ni hiki: nisichukue neno la Mzee kwa kuwa ni mzee, wala neno la ofisa kwa kuwa liko kwenye faili. Kila moja lipimwe kwa jingine, na pale yanapopishana nieleze kwa nini.

Kuhusu majina, tumebishana kwa heshima. Yeye anaona kanuni ya kuficha majina ipo kwa sababu nzuri, na mfano wa yule mwenye kesi ya ardhi unatosha. Mimi naona kanuni hiyo ikitumika kwa wote bila kuuliza, inafanya kazi ileile ya daftari la shamba. Tumekubaliana hivi: naiandikia kamati ya maadili kuomba marekebisho, ili aliyetaka jina alipate, kwa ridhaa yake iliyorekodiwa, na aliyekataa abaki na msimbo. Dokta ndiye aliyeongeza sentensi ya mwisho ya barua, na ni nzuri kuliko zangu zote.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Kamati imekubali.

Leo nimeshinda kwa fundi wa steshenari karibu na geti la chuo. Huyu bwana hajasoma uzamili, lakini kanuni za tasnifu anazo kichwani: pambizo la kushoto liwe pana kwa ajili ya kushonea, kurasa za mwanzo ziwe na namba za Kirumi, ukurasa wa anwani usiwe na namba, yaliyomo yajitengeneze yenyewe badala ya kuandikwa kwa mkono. "Dada mmoja wiki iliyopita kahesabu kurasa kwa kidole," aliniambia. "Akaongeza aya moja, vyote vikahama."

Ripoti ya mfanano imetoka na asilimia iliyo chini ya kikomo. Nilichoka kuisoma: programu imepaka rangi tamko langu la kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe, kwa kuwa kila mwanafunzi anaandika tamko lilelile. Imepaka rangi marejeleo na majina ya wizara. Maneno ya Mzee yamebaki meupe yote.

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimewasilisha.

Nakala za kutahiniwa, zimebanwa kwa spairo, kila moja na saini ya msimamizi kwenye ukurasa wa ithibati. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaambiwa mfumo unaonyesha nadaiwa ada ya muhula ambao nilishaulipia. Risiti ninazo zote kwenye bahasha ya kaki. Kutoka dirisha la uhasibu kwenda kurugenzi ya uzamili na kurudi, hadi saa tisa alasiri deni likafutwa na dada mmoja mwenye subira aliyekataa kwenda kula kabla hajalimaliza. Nilipotaka kumshukuru alikuwa ameshamwita anayefuata.

Sasa ni kungoja watahini, wa ndani na wa nje. Majina yao siruhusiwi kuyajua.

Jumanne, 25 Machi 2025

Utetezi. Saa nne asubuhi hadi saa sita kasoro. Nilipewa dakika 20 za kuwasilisha, na mwenyekiti alikuwa na saa mezani.

Mtahini wa ndani alitaka kujua kwa nini Muheza na si Korogwe au Kilosa. Hilo nilikuwa nalo. Mwakilishi wa mtahini wa nje akasoma swali kutoka kwenye ripoti: "Mtafiti anategemea kumbukumbu ya watu wenye miaka zaidi ya 80. Anaipimaje?"

Nikajibu kwa reli. Mzee alisema aliteremshwa kwenye treni akapandishwa lori ili afike Tanga. Reli ya kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa mpaka kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipofunguliwa mwaka 1963. Kama angesema alipanda treni moja kwa moja, ningejua ama amekuja baadaye ama anachanganya safari. Simulizi yake ya safari ya kwanza inakaa kabla ya mwaka huo, kama anavyodai. Kila simulizi katika tasnifu nimeitafutia kipimo cha namna hiyo, na sita ambazo hazikupata kipimo nimezitaja kwamba hazina.

Kisha majina. Mjumbe mmoja hakupendezwa. Alisema utafiti una taratibu zake na hisia za mtafiti zina mahali pake. Nilimsomea barua ya kamati, na Dokta, ambaye kwa kanuni haruhusiwi kunisaidia kujibu, alitazama dari. Mjumbe akataka ridhaa zilizorekodiwa zielezwe kwa kina zaidi katika sura ya tatu. Ni haki yake, na sura itakuwa bora.

Nikatolewa nje. Nikarudishwa. Nimefaulu, kwa masahihisho madogo.

Jumatano, 14 Mei 2025

Masahihisho yamehakikiwa na kusainiwa. Nimechapa nakala za mwisho, jalada gumu, maandishi ya dhahabu kwenye mgongo. Fundi wa steshenari alinionyesha kwamba mwaka kwenye mgongo ulikuwa umeandikwa wa utetezi wa mtu mwingine, akabadilisha bila malipo. Nakala laini imepelekwa maktaba kwenye fleshi.

Katika shukrani nimewataja wazee wa benchi la ile ofisi. Jina kamili la Mzee liko ukurasa wa 84, la Bibi ukurasa wa 91.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Muheza. Tasnifu nzima ni ya Kiingereza, kama historia inavyofundishwa chuoni kwetu, kwa hiyo nimeandika muhtasari wa kurasa 20 kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mjukuu alimsomea Mzee hadi mwisho. Mzee amenirekebisha sehemu moja: nyapara niliyemwita mkali hakuwa mkali, alikuwa mwizi wa posho. Nimeandika pembeni.

Nakala moja nimemwachia yeye, moja Bibi, moja iko ofisi ya kijiji na nyingine nimempa mwalimu wa historia wa shule ya kata, ambaye ameomba ruhusa ya kuitolea maswali ya kidato cha tatu. Muhtasari huu haukuwa sharti la chuo, na kuuchapa kumenigharimu chini ya nauli ya basi. Kamati za maadili hutulazimisha kubeba fomu za ridhaa tunapokwenda vijijini. Zitulazimishe pia kuwarudishia majibu, kwa lugha waliyotujibia.